Kwa baba mwenye mtumbwi, Lubunga

Jina lako sikuuliza, baba, ndiyo maana nakushukuru hapa. Ni mimi yule mgeni kutoka Bukavu, mwenye begi la bluu, uliyemkuta ng'ambo ya Mto Kongo, upande wa Lubunga, jioni, mitumbwi yote imeshaondoka.

Nilivuka kuona stesheni ya zamani ya reli ya Ubundu. Haikuniambia mengi. Ulikuwa umefunga kazi, lakini ulinivusha hadi Kisangani, na nauli ukakataa: "Mgeni halipishwi giza."

Kisha ukanielekeza Wagenia, kwenye maporomoko ya wavuvi, ukasema niende alfajiri. Nilikwenda. Nimeona magogo yaliyosimikwa kwenye miamba, yamefungwa kwa kamba za msituni, na vikapu vikubwa vya kunasia samaki, vyenye umbo la faneli, vikikinga maji yanayonguruma. Vijana wanapanda juu pale kama wanapanda ngazi ya nyumbani kwao! Kumbe hayo ni maporomoko ya mwisho tu kati ya saba ya Boyoma. Mengine yako juu, kuelekea Ubundu.

Mto Tshopo nilifika pia, kwa toleka, baiskeli ya abiria, mgongo ukauma. Samaki wa Wagenia nilimla kwa lituma, ndizi za kupondwa.

Aksanti sana, baba. Nauli yako bado ninayo.