Maji ya Kinjikitile hayakupandwa na mtawala

Mhariri,

Mimi ni mshonaji hapa Kilwa Masoko. Kwenye bunda la vitabu vya mitumba nilipata Dune, riwaya ya kisayansi ya Frank Herbert ya mwaka 1965. Nimeisoma miezi minne, kamusi pembeni ya cherehani.

Walionikosesha usingizi ni wale wanawake wa Bene Gesserit, udugu wa siri ndani ya riwaya hiyo. Wanatuma watu sayari za mbali kupanda unabii, ili siku mwenzao akikwama huko, wenyeji wampokee kama aliyetabiriwa. Jessica, mmoja wao, na mwanawe Paul wanaokoka jangwani kwa imani hiyo, kisha Paul anaipanda kama ngazi hadi kwenye enzi.

Mpwa wangu akadai kuwa maji ya Kinjikitile, yule mganga wa Vita vya Maji Maji aliyeahidi dawa yake ingegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, yalikuwa vivyo hivyo. Nilikataa, na hapa nakataa tena. Ni kweli risasi hazikugeuka maji, na njaa iliyofuata iliua wengi mno. Lakini Kinjikitile alitokea Ngarambe, miongoni mwa watu waliolazimishwa kulima pamba ya Wajerumani, naye akanyongwa mwaka 1905, vita vikiwa ndiyo vinaanza. Hakutumwa na mfalme yeyote.

Nawaomba waandishi wetu watuandikie riwaya ya sayari yenye imani ya namna hiyo. Nitainunua, hata ikiwa mpya.

Msomaji wako,
Kilwa Masoko, Lindi