Dawa za kulewa bahari, safari ya kuvua Kunduchi, Dar es Salaam

Wadau wa ndoano, salaam. Sisi wa Dodoma tumezoea Bwawa la Hombolo. Hii ni bahari, na upepo wa kusi bado mkali.

Anayejijua analewa bahari ameze kidonge cha sinarizini masaa mawili kabla ya kupanda boti. Ukisubiri mpaka mate yajae mdomoni umechelewa, kidonge chenyewe utakitapika. Promethazini, dawa nyingine ya kulewa bahari, nayo inalaza usingizi: mwaka jana nilisinzia na mshipi mkononi, chambo kikaliwa chote, na bado mnanicheka. Wajawazito na wenye presha ya macho waulize famasia kwanza. Bia juu ya vidonge, hapana.

Mimi safari hii natafuna tangawizi mbichi. Kaeni katikati ya boti, mbali na moshi wa injini, macho kwenye upeo. Nani anahitaji vidonge? Kesho napita duka la dawa.