Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa bendi ya ndoto, na kiti cha tumba bado kiko wazi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapenzi wa muziki wa dansi, wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi. Mwaka jana nilisoma taarifa ya ukurasa mmoja mkasema mwenyekiti kaandika kama risiti ya duka, haya mwaka huu nimejimwaga, asilalamike mtu.

Fedha nianze nazo zipite. Ada ziliingia vizuri mpaka Juni, baada ya hapo zikaanza zile za "ntatuma kesho mwenyekiti", dada mweka hazina anayo majina na leo nimemuomba asiyasome maana wengine mmekuja na wakwe. Ukumbi wa zamani tumeachana nao, mwenyewe alipandisha bei wakati viti vyenyewe ukikaa vibaya unajikuta chini, kwahiyo sasa hivi tunakutana uani kwa katibu chini ya mwembe na kahawa anapika shemeji yetu. Shemeji asante sana.

Sasa tuje kwenye kilichotugombanisha mwaka mzima. Mnakumbuka mwezi wa pili mzee wetu wa Temeke aliuliza swali la kizembe tu, kwamba ukipewa ruhusa ya kuchukua mwanamuziki yeyote wa dansi, awe hai awe marehemu, utunge bendi moja, utamuweka nani? Alitegemea tujibu tukanywe kahawa. Tumemaliza nalo mwaka.

Tukaweka sheria mbili, kila chombo mtu mmoja na bendi moja isitoe watu zaidi ya wawili ili wapenzi wa Sikinde, yaani mtindo wa Mlimani Park, na wa Msondo, mtindo wa NUTA Jazz, wasijaze nafasi zote. Sheria ya pili ilikufa siku hiyohiyo. Mtu kamtaja Muhiddin Gurumo, sawa, tumhesabie bendi gani? Alikuwa NUTA Jazz, 1978 akahamia Mlimani Park ndo inaanza, 1985 akaenda Safari Sound wenye mtindo wa Ndekule, halafu akarudi kwenye bendi ileile ya NUTA mpaka ikaitwa Msondo Ngoma. Ukimtaja Hassani Bitchuka njia ni karibu ileile. Katibu akasema jamani hawa watu bendi za ndoto walishazitengeneza wenyewe zamani, sisi tunaota nini? Na ni kweli, ile Mlimani ilikusanya watu toka bendi tofauti chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na Ndekule mwenye vyombo alienda kubeba watu wa Mlimani wenyewe. Vyombo ni vya tajiri, magita ni ya tajiri, mwanamuziki anakuja na kipaji chake na suruali. Akiudhika anahama, tajiri akiudhika anafungia vyombo stoo. Kwahiyo na sisi ikabidi tujiulize vyombo vya bendi yetu ni vya nani, tukakubaliana ni vya chama, nikaona mweka hazina ananiangalia vibaya.

Kwenye gita la solo ndo tulikaribia kurushiana vikombe. Kura nyingi alipata Mbaraka Mwinshehe, na mi sifichi nilimpigia yeye, mtu aliyeipeleka gita la Morogoro Jazz mpaka Japan kwenye maonyesho ya Osaka 1970 utamnyima kura vipi. Lakini wapenzi wa Kasheba nao walikuja na hoja, lile gita la nyuzi kumi na mbili hakuna mwingine, likilia unajua ni Ndala Kasheba hata kama redio iko nyumba ya jirani. Wengine wakamtaja Nguza wa Maquis. Tukabishana mpaka magharibi, ndo dada mmoja ambaye huwa hasemi sana akauliza, hivi nani kamtaja mpiga gita la ridhimu?

Kimya.

Tulikuwa na masolo sita, waimbaji tisa, mpiga ridhimu hata mmoja hamna! Akatoa kaseti ya bendi ya Les Wanyika kwenye mkoba, kaseti kabisa sio flashi, tukaiweka kwenye redio ya katibu, ikatafunwa. Mkanda ukatoka nje kama tambi, watu wameshika vichwa, yeye akaomba penseli akaanza kuurudisha taratibu, anazungusha, anaunyoosha kwa kucha palipojikunja, anazungusha tena, nusu saa nzima hakuna aliyeinuka. Ilivyokubali kupiga akasema msimsikilize muimbaji, msisikilize solo, shukeni chini. Bas tukashuka. Pale katikati kuna gita linarudia kitu kilekile, kidogo tu, halichoki wala halijionyeshi, na besi inalijibu kwa chini kama watu wawili wanaongea wakati wengine wanapiga kelele. Omari Shabani kwenye ridhimu, Tom Malanga kwenye besi. Wakapita wote wawili bila kura, na kuna mzee mmoja alifuta macho akasema ni moshi wa jiko.

Tokea siku hiyo uteuzi ukabadilika. Kila jina tukawa tunauliza huyu atakaa na nani, sio huyu ni mkali kiasi gani. Mbaraka mwenyewe nusura tumtoe, maana alikuwa anaimba, anatunga, anapiga solo na bendi ni yake, 1973 aliondoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano, mtu kama huyo utamwambia asubiri zamu yake? Tumembakiza ila kiongozi wa bendi ni Michael Enoch, King mwenyewe, kwa sababu alijua gita na akajua kupuliza na wengi wamepita mikononi mwake, nadhani Mbaraka angemsikiliza. Nadhani.

Waimbaji ni Marijani Rajabu mbele, Gurumo na Bitchuka pembeni, ile sauti nzito na ile nyembamba zilishazoeana. Wapenzi wa Hemed Maneti, muimbaji wa Vijana Jazz, mliochukia nimewasikia. Remmy Ongala tumempa kuongea na watu na nyimbo zake mbili tatu, mtu amezaliwa Kindu huko Kongo leo hii kituo cha daladala Sinza kinaitwa kwa Remmy, atakosaje. Kinanda Patrick Balisidya wa Afro 70. Kina dada mlilalamika orodha nzima ni wanaume, mkapeleka jina la Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay 1928 wakati hao wote hawajazaliwa, wazee wa kanuni wakasema hiyo ni taarabu sio dansi. Mi niliona ni visingizio lakini kura zilinishinda. Tumemchukua Kida Waziri wa Vijana Jazz, na amechukuliwa kwa sauti yake sio kwa kuziba pengo, naomba iandikwe hivyo kwenye muhtasari.

Katibu ndo akaja na lile la tarehe. Alikaa na miaka ya watu wote akaona wanaume wote tuliowachagua wangeweza kukutana jukwaani mwisho wa 1978. Remmy kaingia Dar mwaka huohuo, Mlimani imeanza mwaka huohuo, Les Wanyika wamejitenga na Simba Wanyika mwaka huohuo. Kida alikuja baadaye, tutamvuta tu toka mbele. Na isingewezekana kuchelewa, Januari 1979 Mbaraka akafa kwa ajali ya gari Mombasa. Mwanachama wetu aliyekuwa jeshini akasema mwisho wa 1978 mimi nilikuwa naelekea vitani Kagera, msingenikuta ukumbini. Tukamwambia tungekuwekea kaseti.

Kwahiyo onyesho letu ni Desemba 1978, mlangoni anasimama mweka hazina, na mtindo bado haujapata jina maana Sikinde wamekataa Msondo na Msondo wamekataa Sikinde.

Yaliyobaki ni haya. Redio ya katibu inahitaji kusafishwa hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, kabla haijatafuna kaseti nyingine, fundi anataka elfu kumi na tano. Drams na tumba hazina watu, drams kuna majina matatu, tumba hakuna hata moja, na safari hii msinijie na wapiga solo. Kikao ni Jumapili ya kwanza ya Januari saa kumi kamili, kila mtu aje na jina moja la mpiga tumba na wimbo wa kumsikilizisha, na wale wa "ntatuma kesho" muje na ada.