Vidonge Nisivyoweza Kukutumia

Ngamiani, Tanga
Mfunguo Pili

Shoga yangu mpendwa, Mama Rehema,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi hapa ni wazima, alhamdulillahi, na Mama anakusalimu sana na kukuombea dua kama ilivyo desturi yake. Natumaini barua hii itakukuta salama wewe, Baba Rehema na watoto. Niwie radhi kwa kukaa kimya siku 10 tangu uliponiomba vile vidonge. Ombi lako lilikuwa dogo, lakini jibu lake halikuenea katika ujumbe wa simu, nami sikutaka kukukatalia jambo bila kukueleza sababu yake yote.

Vidonge sitakutumia, shoga yangu. Najua ulisikia kwa Mama Jamila kwamba Mama amebadilishiwa dawa na kwamba pakiti 2 za glibenklamidi, vile vidonge vyake vya kushusha sukari, zimebaki kabatini. Najua pia kwamba Baba Rehema ameacha metformini, dawa yake ya sukari, kwa sababu inamwendesha tumbo, na kwamba kuna mtu amemwambia kuwa hivi vingine ni vidogo, humezwa kimoja asubuhi na havimsumbui mtu. Mtu huyo hakusema uongo: tumbo havilisumbui, na sukari vinaishusha kwelikweli. Lakini ni vidonge hivyo hivyo vilivyomwangusha Mama katika Ramadhani hii iliyopita nusura tumkose, na nilikuficha habari hiyo kwa sababu nilijua utapanda basi usiku ule ule.

Ilikuwa mfungo 17. Mama alikula daku kidogo sana, kipande cha muhogo na chai, kwa kuwa usiku alikuwa na kichefuchefu, kisha akameza kidonge chake kama alivyozoea kwa miaka yote. Saa 9 alasiri nilikuwa jikoni nakuna nazi ya futari, nikamsikia ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Nilidhani ni usingizi. Nilipotoka nilimkuta juu ya mswala, kanga imemganda mgongoni kwa jasho, mikono inatetemeka hata tasbihi imemponyoka, naye ananitazama kama anayemtazama mgeni. Jirani mmoja alisema ni swaumu imemchosha, tumwache alale. Mwingine alitaka asomewe kwanza. Nilisimama nisijue la kufanya mpaka alipoingia yule kijana wa nyumba ya pili aliyesomea uuguzi, akiwa na kipimo chake mkononi. Tone la damu likasoma 2.3, kwa hesabu ya milimoli kwa lita. Sasa ninajua kwamba kipimo kikishuka chini ya 3.9 sukari imeshuka mno, na kikiwa chini ya 3.0 hakuna tena nafasi ya kusubiri.

Kijana aliangalia kwanza kama Mama anaweza kumeza, kwa sababu aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu asije akapaliwa. Alipoona anameza, alikoroga vijiko 3 vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji na kumnywesha taratibu, kisha tukasubiri dakika 15. Kipimo kikasoma 3.4. Akampa tena, na baada ya muda kikafika 4.8, ndipo Mama akanitazama vizuri na kuniuliza, "Mbona unalia, mwanangu, kwani tumeshafuturu?"

Mimi nilidhani yamekwisha. Kijana alikataa kata kata, akasema dawa ile huweza kufanya kazi mwilini hata saa 24, hivyo sukari inaweza kushuka tena usiku wakati sote tumelala. Tulimpeleka hospitali wakamlaza mpaka asubuhi, na daktari akanieleza jambo ambalo ningelijua miaka mingi iliyopita, nisingelipita kabati lile kila siku bila wasiwasi. Glibenklamidi hulikamua kongosho litoe insulini, yaani ile homoni inayoshusha sukari ya damu, awe mtu amekula au ana njaa. Yenyewe haina habari na kilichomo tumboni. Figo ndizo zinazosaidia kuitoa, na zikidhoofu dawa hukaa na kuendelea kukamua. Vipimo vikaonyesha kwamba figo za Mama zimedhoofu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeandika wazi kwamba dawa hii haiwafai watu waliozidi miaka 60, na badala yake limeitaja gliklazidi, nayo ni ya jamii hiyo hiyo. Mama ana miaka 71. Pale dukani tulipokuwa tunanunua hakuna hata siku moja aliyetuuliza umri wake, wala kama figo zake zimepimwa, na mimi niliyekuwa nashika pakiti sikuuliza pia.

Sasa mfikirie Baba Rehema. Anasukuma ngalawa alfajiri na chai ya rangi tu tumboni, anavuta nyavu juani, na siku nyingine upepo ukiwa mbaya hurudi pwani alasiri bila kutia kitu kinywani. Mama alianguka nyumbani, katikati ya watu, na mwenye kipimo alikuwa mlango wa pili. Baba Rehema akianza kutokwa jasho na kuchanganyikiwa huko baharini, nani atamkorogea sukari? Kila ninapofungua kabati na kuziona pakiti zile, ninamwona yeye ndani ya ngalawa peke yake. Sisemi kwamba ni sumu, kwa kuwa wako watu waliopimwa na daktari wao na inawasaidia. Ninasema kwamba dawa aliyoandikiwa Mama haiwi ya Baba Rehema kwa sababu tu wote wawili wana sukari.

Kuhusu metformini, naomba asiichoke upesi. Hiyo hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa: hulipunguzia ini kasi ya kumwaga sukari katika damu na kuusaidia mwili uitumie insulini uliyo nayo, ndiyo maana ikitumiwa peke yake ni nadra sana kumshusha mtu sukari kupita kiasi. Tumbo kuharibika mwanzoni ni jambo la kawaida, na kwa wengi hutulia baada ya wiki kadhaa. Wengi huanzishwa na kidonge 1 cha miligramu 500 pamoja na chakula cha usiku, kisha huongezwa polepole, na viko pia vidonge vinavyoyeyuka taratibu ambavyo tumbo huvivumilia zaidi. Aliyeanza na vikubwa, tena kabla ya kula, ni rahisi zaidi kuharishwa. Namwomba arudi kwa daktari aseme waziwazi kwamba tumbo limemshinda, kuliko kuacha kimya kimya. Tena waangalie figo zake kabla ya yote, kwa sababu metformini nayo hupunguzwa figo zikidhoofu, na zikidhoofu sana huachwa. Atakayeitumia miaka mingi apimwe pia vitamini B12, maana huipunguza.

Amekwambia kwamba dawa za hospitali ni kemikali na kwamba mlonge unatosha. Mwambie kwa heshima zote kwamba metformini yenyewe asili yake ni utafiti uliofanywa juu ya mmea, Galega officinalis, ambao watu wa Ulaya waliutumia kama dawa tangu zamani, na kwamba daktari wa Ufaransa aitwaye Jean Sterne ndiye aliyetangaza mwaka 1957 matokeo ya kuwatibu kwayo wagonjwa wa sukari. Tofauti ni kwamba kiasi kilichomo ndani ya kidonge kinajulikana. Mlonge ale kama mboga, ni mboga nzuri, lakini usichukue nafasi ya dawa.

Lipo na lile neno alilomwambia Mama alipokuja, kwamba ukishaanza sindano ndiyo mwisho wako. Neno lile limemkaa Mama moyoni mpaka leo, na daktari alipomwandikia insulini ya usiku alilia, akaniuliza kama ninaanza kumwekea sanda. Nilimweleza habari za Leonard Thompson, mtoto wa miaka 14, aliyekuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini, huko Toronto, Januari 1922. Wakati ule mtoto mwenye kisukari kama chake alinyimwa chakula ili asogezwe siku chache tu, na yeye baada ya sindano aliishi miaka 13 zaidi. Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nipige."

Sasa ameizoea. Kila usiku ananyoosha mkono, ninampa kichupa, naye anakiviringisha katikati ya viganja vyake, polepole, bila kukitikisa, mpaka dawa iwe nyeupe sawasawa kama tui, ndipo ninavuta uniti 8. Kwa kuwa umeme hukatika, kichupa kinachotumika ninakiweka ndani ya kopo lenye kifuniko, na kopo ndani ya chungu kidogo kilichozungukwa na mchanga wenye maji katika chungu kikubwa, kivulini karibu na mtungi. Nikishakifungua ninaandika tarehe, na zikitimia wiki 4 ninakitupa hata kama dawa imebaki. Kuhusu kufunga, ameambiwa asifunge tena. Hilo lilimuumiza kuliko sindano, mpaka sheikh alipokuja kumsomea aya ya 184 ya Suratul Baqara na kumweleza juu ya fidia.

Zile pakiti 2 nimezirudisha kwenye duka la dawa la hospitali, ili nisije nikashawishika kwa huruma. Badala yake, Mwalimu anatoka huku Ijumaa kwa basi la asubuhi, nimempa kipimo cha sukari, stripu 50 za kutilia tone la damu na vijisindano vya kidole. Kopo la stripu lifungwe vizuri kila mara, kwa sababu unyevu wa pwani huziharibu. Nimetia pia bahasha ndogo ya nauli na ya kumwona daktari, na tafadhali usinirudishie.

Niandikie upesi, shoga yangu. Metformini alikuwa anameza miligramu ngapi, na kabla au baada ya kula? Tangu aache ni siku ngapi, na je, kiu na kwenda haja ndogo usiku kumeongezeka? Figo zake zilipimwa lini, na macho je? Ana kidonda chochote mguuni, hata kidogo, cha chaza au cha mwiba wa samaki? Kuna mtu mwingine aliyekwisha kumpa vile vidonge kabla yangu? Na utaweza kumshawishi abaki nchi kavu siku moja tu ya kliniki, au nimwombe Mama ampigie simu, maana najua yeye hamkatalii?

Wako akupendaye,
Mama Zuhura