Tupeni mashine ya pili kabla hamjatuita kuapgredi seva

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenyeviti wa bodi za saccos, wakuu wa shule na wale wanaosimamia zahanati, maana hao ndo wanaotupigia simu sisi mafundi wa seva, na mara nyingi wanatupigia maji yakiwa yameshafika shingoni.

Mwezi wa tatu niliitwa kwenye saccos moja huku Kanda ya Ziwa, jina nalihifadhi. Seva yao, yaani kompyuta kuu inayotunza hesabu zote, iko chini ya ngazi, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, inawaka tangu 2012, ndani ina CentOS 6, mfumo unaoiendesha mashine yenyewe, na databesi, yaani ghala la taarifa, inayotunzwa na programu ya MySQL toleo la 5.1, na humo ndimo zilimo akiba na mikopo ya watu wote, wavuvi, walimu, mama lishe, wastaafu. Sasa CentOS 6 iliachwa kuhudumiwa tarehe 30 Novemba 2020, yaani tangu siku ile tundu la kupitia wezi wa mtandao likigundulika hakuna anayeliziba, na hata CentOS 7 ambayo wengi wanadhani bado ni changa nayo ilifika mwisho 30 Juni 2024. Na hizi ni taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, huwezi ukasema seva ni mambo ya fundi tu.

Kabla yangu alikuwepo fundi mwingine, akaambiwa aapgredi, yaani aweke matoleo mapya, mchana kweupe foleni ya wanachama ikiwa dirishani, ukimaliza leo tunakulipa leo. Akaondoa MySQL ya zamani, akaweka toleo jipya, akaliwasha juu ya folda ileile ya data. Likagoma kuwaka. Na lazima ligome, kwa sababu MySQL hairuki ngazi, ukitaka kuipandisha hapohapo ilipo unatoka 5.1 unaenda 5.5, halafu 5.6, halafu 5.7, ndo unaingia 8, na kila kituo unasimama unawasha unakagua tebo zako, yaani majedwali ya data, kabla ya kuendelea. Akataka kurudisha ile ya zamani, yum, programu ya kushusha na kuweka vifurushi, nayo ikawa haina pa kushusha kwa sababu vifurushi vya CentOS 6 vilishatolewa kwenye seva za kawaida vikapelekwa kwenye hifadhi ya mambo ya kale. Siku tatu dirisha limefungwa. Yule kijana simlaumu sana, aliombwa afanye kwa saa mbili kazi ya siku kadhaa na hakupewa hata laptop mbovu ya kujaribia.

Nilipofika cha kwanza niliulizia bakapu, ile nakala ya akiba ya data. Nikaambiwa ipo, inajifanya yenyewe kila usiku saa nane. Nikaingia kwenye folda nikaorodhesha mafaili, kweli yapo, kila moja na tarehe yake, yamejipanga vizuri, na kila moja tangu Agosti ukubwa wake ni sifuri. Sehemu iliyotengewa bakapu ilijaa mwezi huo, nayo iko kwenye diski ileile inayokaa databesi, na hakuna mtu aliyewahi kufungua hata faili moja kuona ndani kuna nini. Nilinyamaza, mhasibu amesimama nyuma yangu ananisoma uso.

Tuliponea kwenye jambo moja tu, ile folda ya data haikufutwa. Nikaikopi yote kwenye mashine nyingine, nikaitafuta MySQL 5.1 kwenye hifadhi, nikaiwasha pembeni, tebo zote zikaonekana. Hapo nikawaambia sigusi kitu kingine mpaka mnipe kompyuta ya pili na siku tano. Walinung'unika lakini walitoa.

Nikatoa databesi yote kwenye faili kwa mysqldump, chombo cha MySQL cha kunakili data, nikaacha ile databesi ya ndani yenye mayuza na mapaswedi, mayuza nikawaunda upya, nikaingiza kwenye MySQL 8.4 juu ya AlmaLinux 9, mfumo wa kuendesha mashine badala ya CentOS. Ikaingia kimya, hakuna hata erori moja, na hapa ndo penye hatari kubwa maana mwenye haraka angesema kazi imeisha naomba changu. Tulipoanza kuitumia kama ofisini ndo mambo yakatoka. Programu ya zamani ikashindwa hata kuingia kwa sababu toleo jipya linahakiki paswedi kwa njia nyingine. Tebo ya vikundi vya mikopo aliyeiandika aliiita groups, na neno hilo tangu MySQL 8 databesi imelifanya lake, kwa hiyo kila ukifungua vikundi unapata erori. Ripoti ya mikopo ikatoka shaghalabaghala, mhasibu akashika kichwa akidhani kuna watu wamepotea, kumbe zamani MySQL ukiiambia ikusanye kwa kikundi ilikuwa inapanga na mfuatano bila kuombwa, siku hizi lazima uombe. Tulihesabu mstari kwa mstari, jumla zikalingana mpaka senti.

Lakini kilichonigusa mimi ni tarehe za kuzaliwa. Nilipotaka kubadilisha tebo ya wanachama iende kwenye herufi za utf8mb4, mpangilio mpya wa kuhifadhi maandishi, ikakataa, inalalamikia tarehe 0000-00-00. Nikatafuta, nikakuta wanachama zaidi ya mia tatu wamezaliwa siku sifuri mwezi sifuri mwaka sifuri. Ni wazee wetu, walipojiunga karani aliwauliza tarehe hawakuijua, akaacha wazi, na databesi ya zamani ikajaza masifuri bila kumuuliza mtu. Meneja akataka tuwawekee wote tarehe 1 Januari 1950 tusonge mbele. Nilikataa na ningekataa tena, umri wa mtu unaingia kwenye hesabu za bima ya mkopo, huwezi kumtungia. Tukaacha wazi kihalali, yaani pasipojulikana pasomeke hapajulikani, na wakaanza kuwaita mmojammoja waje na kadi zao za mpiga kura au NIDA.

Haya yote tuliyaona mezani na chai mkononi, hakuna mwanachama aliyesimama dirishani akisubiri hela ya matibabu. Kwa hiyo wenyeviti, mnapokaa kupanga bajeti msiandike "apgredi ya seva" halafu mkaweka hela ya fundi peke yake. Wekeni mashine ya pili, hata iliyotumika inafaa, wekeni diski ya nje ya bakapu inayokaa jengo jingine, na siku za majaribio ambazo mhasibu wenu naye yupo, kwa sababu fundi hawezi kujua kama ripoti ya mikopo ni sahihi, anayejua ni yule anayeisoma kila Ijumaa.

Saccos ile ilihamia rasmi Jumamosi jioni, Jumatatu saa mbili asubuhi wakafungua. Ile seva ya chini ya ngazi tumeizima lakini hatujaifuta, nimewaandikia karatasi nimeigandisha juu yake, isiguswe mpaka hesabu za mwaka zifungwe.

Msomaji wako,
Fundi wa seva, Mwanza