Wenye ploti tupu, tuandikiane ruhusa ya kulima angalau msimu mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenye ploti ambazo hazijajengwa hapa Kisumu, hasa kuanzia Mamboleo kuelekea Kibos.

Mimi ni fundi cherehani, mpangaji wa Manyatta. Uwanja wa kwetu hautoshi hata kuanika nguo. Mwaka jana kazi ilipopungua, nilipiga hesabu nikaona mboga peke yake zinanimaliza shilingi 60 kila jioni, na tuko watu watano. Nikamwendea mzee mmoja mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 iliyojaa magugu na taka, nikamwomba nilime nami niitunze. Akakubali kwa mdomo.

Kulima sikujua. Udongo wa huko ni ule mweusi: jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza kidole, mvua ikinyesha unaganda kwenye jembe na maji yanatuama. Managu yangu ya kwanza hayakuota kabisa. Mama mmoja auzaye mboga Kibuye ndiye aliyenionyesha kosa. Mbegu ya managu ni ndogo mno, nami nilikuwa nimeifukia kama mahindi. Akaniambia niinue matuta, nitie samadi iliyooza vizuri, nichanganye mbegu na jivu ndipo ninyunyize, kisha nifunike kwa udongo kidogo tu. Wiki ya sita nikachuma. Managu hayang'olewi, unakata ncha kwa ukucha, na chini ya ulipokata panachipuka matawi mapya. Nikaongeza dek (mgagani), kunde na mistari miwili ya sukumawiki. Miezi miwili sikununua mboga, na jirani yangu mwenye mtoto mchanga alikuwa akibeba zake bure.

Asubuhi moja mwezi wa Mei nilikuta lori limemwaga mawe ya msingi juu ya matuta. Ploti ilikuwa imeuzwa. Majani ya sukuma yalichungulia katikati ya mawe, bado yana umande. Nilichuma yale niliyoyafikia nikarudi nyumbani.

Kuuza ni haki ya mwenye mali, na hilo silipingi. Kilichoniuma ni kwamba sikuambiwa. Ningejua wiki tatu mapema, ningevuna na kuhamisha miche.

Najua kwa nini wengi wanakataa kuandikiana. Wanaogopa mlimaji akikaa miaka 12 atadai ardhi ni yake. Lakini dai hilo huwa la mtu aliyekalia ardhi bila ruhusa. Karatasi inayosema nimeruhusiwa kulima msimu huu inamkinga mwenye ploti kuliko inavyonikinga mimi! Ukurasa mmoja unatosha: majina, mipaka, mwisho wa msimu, ilani ya siku 60, mashahidi wawili. Kilimo ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hiyo naomba maafisa wa kilimo wa wadi wawe na nakala tayari, tusianze kutafuta wakili kwa ajili ya matuta sita ya managu.

Mvua za vuli hazichelewi. Mbegu nilizokausha kutoka ploti ile ziko ndani ya chupa kando ya cherehani yangu, na safari hii natafuta mwenye ploti atakayekubali kutia sahihi.

Fundi wa nguo,
Manyatta, Kisumu