Matone ya steroidi na vidonge vya "kuongeza kinga" si tiba ya retina ya kurithi

Mhariri,

Wenye ugonjwa wa kurithi wa retina, yaani tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, wanavutwa pande mbili. Huku kuna matangazo ya virutubisho vinavyodaiwa "kuongeza kinga ya macho", kule kuna maduka ya dawa yanayouza matone ya deksamethasoni, aina ya steroidi inayoshusha kinga, bila cheti cha daktari, kwa maelezo kwamba yanatuliza uvimbe ndani ya jicho. Mmoja anataka kinga ipandishwe, mwingine anataka ishushwe, na mgonjwa analipa kote kuwili. Naomba nafasi nieleze seli za kinga zinafanya nini hasa ndani ya retina inayokufa.

Nitachukua mfano wa retinitisi pigmentosa, mmoja wa magonjwa hayo, inayompata takriban mtu 1 kati ya 4,000 duniani. Chanzo chake ni hitilafu ya jeni, si kinga, wala si tego. Jeni zaidi ya 80 zimeshahusishwa nayo, na hitilafu ya kwanza kutambuliwa, mwaka 1990, ilikuwa kwenye jeni ya rodopsini. Mara nyingi hitilafu hizo huziumiza fito, yaani seli zinazotuwezesha kuona kwenye mwanga hafifu. Ndiyo maana mgonjwa huanza kwa kujikwaa magharibi ikiingia, kisha pembeni panazidi kuziba mpaka anabaki anaona katikati tu. Koni, ambazo ndizo tunazosomea na kutambulia rangi, mara nyingi haziitumii kabisa jeni hiyo yenye kosa. Hata hivyo, fito zikiisha, koni nazo hufuata.

Ndani ya retina mnaishi seli za kinga ziitwazo maikroglia, ambazo huingia humo mtoto akiwa bado tumboni. Katika jicho lenye afya hukaa kwenye matabaka ya ndani, zikinyoosha na kurudisha vikono vyao kukagua jirani zao. Tabaka la nje, lenye viini vya fito na koni, kwa kawaida haziingii. Fito zinapoanza kuugua, maikroglia huhama. Huacha matabaka yao, hujikunja na kunenepa, kisha hupenya katikati ya fito na kuanza kumeza. Hilo limeonekana hata kwa binadamu: mwaka 2003 ulichapishwa uchunguzi wa macho ya marehemu waliokuwa na retinitisi pigmentosa, na maikroglia zilizonenepa zilikutwa mle mle ambamo fito zilikuwa zinakufa, nyingine zikiwa na mabaki ya fito ndani yake.

Kumeza maiti si kosa, ndiyo kazi yao. Shida ilionekana wazi mwaka 2015, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani walipochunguza panya wenye hitilafu ya jeni ya Pde6b, ambao fito zao hufa kwa wingi wakiwa na wiki tatu hivi. Waliziona maikroglia zikizungushia vikono fito ambazo bado hazijafa na kuzimeza. Fito iliyolemewa hutoa nje ya utando wake mafuta yaitwayo fosfatidilserini, ambayo kwa maikroglia ni alama ya kitu cha kumezwa, hata kama seli yenyewe ingeweza kupona. Ni kama mzoa taka anayebeba kila kilichowekwa mlangoni, hata kiti kilichotolewa nje kianikwe tu. Juu ya hayo, maikroglia hutoa intalukini 1 beta, kemikali ya uvimbe inayozidisha vifo vya fito jirani. Watafiti walipozipunguza maikroglia, fito za panya hao zilidumu zaidi.

Hapa ndipo muuza matone angetamani tuishie. Lakini mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba panya wa aina hiyo hiyo wakinyimwa protini ya kinga iitwayo C3, au kipokezi chake kilichopo juu ya maikroglia, hali yao inakuwa mbaya zaidi: mabaki ya fito hayaondolewi vizuri, uvimbe unapanda na fito nyingi zaidi zinakufa. Mwaka huo huo utafiti mwingine ulionyesha kuwa zipo maikroglia zinazohamia nyuma kabisa, zikajipanga kwenye tabaka jeusi linalolisha fito na koni, na hizo zinalilinda tabaka hilo. Ukiziondoa, linaharibika. Seli hizo hizo, basi, mahali pamoja zinaua na mahali pengine zinaokoa. Dawa ya kuzizima zote, au ya kuzichochea zote, ni kubahatisha. Watafiti wanaofuatilia jambo hili kwa makini wanajaribu kuzituliza badala ya kuzifuta, kwa mfano kwa kupandikiza jeni ya fraktalkini, ishara ambayo neva hutumia kuziambia maikroglia zitulie. Kwa panya, koni zilidumu muda mrefu zaidi. Hiyo bado ni kazi ya maabara, haiuzwi popote.

Turudi kwenye chumba cha daktari, maana huko ndiko makosa yanakotokea. Mgonjwa wa retinitisi pigmentosa akichunguzwa kwa taa ya mwanga mwembamba, mara nyingi ute wa ndani ya jicho huonekana una chembe zinazoelea, na baadhi yake ni seli za kinga. Daktari asiyempanua mboni akatazama pembeni mwa retina anaweza kuandika "uvimbe wa ndani ya jicho" na kumwanzishia steroidi kwa miezi. Matone ya steroidi hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu ndani ya wiki chache, bila maumivu yoyote. Presha ya jicho hula uwezo wa kuona wa pembeni, na retinitisi pigmentosa inakula huko huko. Mgonjwa anaona giza linasogea, anadhani ni ugonjwa wa ukoo unaendelea, kumbe ni chupa aliyoishika mkononi. Steroidi pia huleta mtoto wa jicho nyuma ya lenzi, mahali pale pale ambapo ugonjwa huu wenyewe huuleta. Sijui dawa nyingine inayoficha madhara yake vizuri kiasi hicho.

Uvimbe unaotibika upo, nao ni maji yanayojaa katikati ya retina. Dalili yake ni kusoma kuwa kugumu ghafla kuliko mwendo wa kawaida wa ugonjwa. Huthibitishwa kwa picha ya matabaka ya retina, si kwa kukisia. Dawa ya kwanza ni matone ya dozolamidi ya asilimia 2 mara tatu kwa siku, au vidonge vya asetazolamidi, kisha picha inarudiwa baada ya wiki kadhaa kuona kama maji yamepungua. Asetazolamidi huleta ganzi ya vidole na kukojoa mara kwa mara, na hushusha potasiamu. Mwenye selimundu, mwenye mawe ya figo, mjamzito au mwenye mzio wa dawa za salfa aseme kabla hajaandikiwa.

Vitamini A nayo inauzwa kama dawa ya kila jicho. Mtoto asiyeona gizani kwa sababu ya upungufu wa vitamini A hupewa yuniti 200,000 (100,000 akiwa na miezi 6 hadi 11) siku ya kwanza, siku ya pili na tena baada ya wiki mbili, na kwa kawaida huanza kuona jioni ndani ya siku chache. Asipobadilika, afikishwe kwa daktari wa retina, asiongezewe dozi. Kwa retinitisi pigmentosa, yuniti 15,000 kila siku zilipendekezwa tangu mwaka 1993, lakini takwimu hizo zilipochambuliwa upya pamoja na taarifa za jeni, matokeo yaliyochapishwa 2023 hayakuonyesha faida. Kwa ugonjwa wa Stargardt, ambao nao ni wa kurithi, vitamini A ya ziada inaweza kudhuru, kwa sababu taka zinazojilimbikiza kwenye retina zinatokana na vitamini hiyo hiyo.

Steroidi ina mahali pake. Tiba ya jeni ya RPE65, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017, humpelekea mwenye hitilafu ya jeni hiyo nakala isiyo na kosa ikiwa imebebwa na kirusi kisicholeta ugonjwa, na kinga inaweza kukishambulia kirusi hicho. Kwa hiyo mgonjwa hupewa prednisoni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, isizidi miligramu 40 kwa siku, kuanzia siku 3 kabla ya sindano ya chini ya retina hadi zitimie siku 7, kisha inashushwa kwa siku 10 na kuachwa. Sababu inajulikana na siku zinahesabika. Tiba yenyewe ilitoka kwa bei ya dola 850,000 kwa macho mawili, na haifanyi kazi pale ambapo seli zimeshaisha.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wakaguzi wa maduka ya dawa wayahesabu matone ya steroidi kuwa dawa za cheti, kama zilivyo, hata yale yaliyochanganywa na antibaotiki ambayo watu huyaomba kwa rangi ya kifuniko. Na kliniki za macho zinapomwona mtu asiyeona gizani zimpanue mboni, zimpime presha, zimuulize kama wazazi wake ni ndugu na ni nani mwingine katika ukoo haoni usiku, kisha ziandike majibu kwenye faili. Kipimo cha jeni kikimfikia, kwa damu au mate, karatasi hiyo ndiyo itakayosaidia kusoma majibu yake.

Daktari wa retina,
Moshi